Nilimficha Mume Wangu Majibu ya Damu Yake

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arubaini na sita, naishi Michenzani. Ninaloliandika hapa nimelificha miaka minane.

Mume wangu, fundi cherehani, alianza kukonda. Tumbo lilimuuma mpaka mgongoni, macho yakawa manjano. Damu yake ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Majibu niliyafuata mimi, maana ngazi za ghorofa letu zilikuwa zishamshinda.

Daktari alinieleza taratibu. Ilikuwa saratani ya kongosho. Katika damu mna protini ambayo ugonjwa huo ukienea hupanda, na ya mume wangu ilikuwa imepanda mno! Alisema kipimo hicho hakitaji siku ya mtu kufa, lakini wengi wenye kiwango kile huishi miezi michache tu. Akanisisitiza nimwambie mwenyewe, ajiandae.

Nimwambie? Kwetu nani humwambia mgonjwa kuwa anakufa? Nikaificha ile karatasi chini ya kanga zangu, nikamwambia ni homa ya manjano tu.

Akafurahi, maskini! "Alhamdulillahi. Basi nkipata nguvu ntakwenda Makunduchi kumtaka radhi mama. Sitaki anione hivi nlivyo."

Yeye na mamake hawakusemezana miaka saba, tangu aliponioa mimi bila ya ridhaa ya mama. Nami, Mungu anisamehe, niliogopa akenda kwao hawatamrudisha kwangu. Nikanyamaza.

Siku zile... Akilala mchana nilimwekea mkono kifuani kuona kama anapumua. Akiniita tu, moyo ulinilipuka: kashajua? Yeye alingoja nguvu, mimi nilijua haziji!

Wiki ya sita alizimia, hakusema tena. Ijumaa asubuhi akafariki.

Mama mkwe alikuja msibani. Hakunigombeza. Alinishika mkono, akauliza kama mwanawe alimwachia neno. Nikamwambia, "Alitaka kuja kukutaka radhi, mama."

"Mie nshamsamehe zamani," akasema. "Mbona hakuja? Hakujua kama anakufa?"

Nikajibu hakujua. Lakini nani aliyejua? Hilo sikuthubutu kulisema, na kila Idi nikenda kumwamkia narudi nalo.

Ndugu zangu, mkipewa majibu ya mgonjwa wenu, msimfiche, nawaomba! Nilijidanganya kuwa namhurumia, kumbe nilikuwa naiogopea nafsi yangu. Zile wiki sita zilikuwa zake, na Makunduchi si mbali... angefika.