Petroli ya Kituoni

Asubuhi hiyo Mshonaji alikuwa anapiga pasi ovaroli za kiwandani. Redio ilikuwa inaongea peke yake na chai imepoa kando ya cherehani. Siku ya kawaida kabisa. Kilichomfanya aache pasi ni harufu ya petroli kutoka uani, ambako mdogo wake, Fundi, alikuwa na gereji yake chini ya mabati.

Alimkuta ameinamia dumu, anamiminia oili ya kijani.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kituoni, dada. Salamu hazipo siku hizi?"

"Kituoni! Na kichwa cha injini ulichokichonga namna ile?"

Mshonaji hakusomea ufundi. Lakini tangu amzike mwanawe wa kwanza, alikuwa ameijua injini ya pikipiki aliyoipanda kama mtu anavyoujua ugonjwa uliomuulia mtu wake. Ilikuwa pikipiki ya mashindano ya matopeni, ya zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Fundi alikichonga kichwa cha silinda ili nafasi juu ya pistoni iwe finyu na nguvu iongezeke. Sasa petroli dhaifu ukiiminya mahali pafinyu vile, hulipuka bila kungoja cheche ya plagi. Injini hulia kama kokoto kwenye kopo. Pistoni hutoboka, gurudumu hukwama, na aliyepanda hurushwa. Mwanawe alirushwa. Hakuamka tena.

Na Jumamosi pikipiki hiyo hiyo, sasa ina pistoni mpya, ingepandwa na kitinda mimba wake, binti ambaye mtaa mzima ulimwita Spidi.

"Petroli ya mbio inauzwa palepale uwanjani," Mshonaji alisema. "Ile inavumilia kuminywa. Kilichokushinda kuinunua ni nini?"

"Madoido tu yale. Nitaweka plagi baridi isiyoshika joto, oili nitazidisha kidogo. Atapeta."

"Na mwaka jana ulisema atapeta."

"Mwaka jana kijana alivuta mafuta kupita kiasi, dada. Nimeshakueleza."

"Rudia hilo neno nikubandike pasi mdomoni."

Spidi, aliyekuwa anafunga buti zake kizingitini, aliangua kicheko. "Mama, acha ajaribu. Ikilia vibaya nazima."

"Kaka yako naye alikuwa na mkono wa kuzima."

Kicheko kikakatika.

Baada ya chakula cha mchana Fundi alijaza tangi na kulifunga. Spidi akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Fundi akafungua kifuniko, akachungulia.

Tangi lilikuwa kavu. Si kwamba petroli ilipungua. Lilikuwa kavu kama sufuria iliyoanikwa juani. Chini, sementi haikuwa na hata tone.

"Nani kamwaga?" Fundi alifoka.

"Mjomba, sote tumesimama hapa."

"Mama yako huyo! Tangu asubuhi anatafuta ugomvi."

"Ningetaka kuimwaga ningekumwagia wewe," Mshonaji alimjibu. Lakini alikuwa ameshashika nguzo ya banda.

Fundi akajaza tena. Safari hii alikandamiza kifuniko kwa kiganja, macho kwenye tangi. Alipolitikisa, petroli haikusikika ikicheza ndani. Akafungua. Kavu.

Alichukua spana, akang'oa plagi kwa hasira. Ndipo sauti ikaanza.

Kokoto. Kwenye kopo.

Taratibu kwanza. Kisha kwa kasi.

"Mjomba," Spidi alinong'ona. "Plagi unayo mkononi."

Ilitoka ndani ya silinda. Injini haikuwa imewaka. Haikuwa na petroli. Wala kiki haikuguswa. Mshonaji alisikia nywele za kisogoni zikimsimama, na chini ya woga ule akahisi kitu kingine alichokijua vizuri zaidi. Aliijua hasira ile. Ilikuwa kama yake.

Sauti ikakoma.

"Tuache, mjomba."

"Siachi! Mimi si wa kutishwa na chuma nilichokifunga mwenyewe." Akarudisha plagi. Akamimina petroli yote iliyobaki, akairukia, akapiga kiki papo hapo. Injini ikanguruma. Akatoka nayo kwa nguvu kwenye njia ya nyuma ya nyumba, moshi wa bluu ukimfuata.

Walisikia akibadili gia. Walisikia kokoto.

Kisha hawakusikia kitu.

Walimkuta kwenye kona. Pikipiki ilikuwa imesimama wima katikati ya njia. Stendi haikuteremshwa. Hakuna aliyeishika. Fundi alikuwa amepiga magoti kando yake, tumbo limemjaa, anatapika. Alichotapika kilikuwa cha kijani. Kilinuka petroli na oili. Kilitoka, kikatoka, kikatoka.

"Kaninywesha," alinong'ona.

"Nani?"

Macho yake yalikwenda kwenye pikipiki. "Kijana wako alinunua ya mbio, dada. Mwaka jana. Alinikabidhi mkononi kabisa. Mimi nikamtilia mteja mwingine, yeye nikamwekea ya kituoni. Ukishachanganya oili, zote ni kijani. Nani angejua?"

Mshonaji hakupiga kelele. Alimwambia Spidi aite gari. Kisha akamwinamia mdogo wake, akamwambia taratibu, "Ukipona, usipite mlangoni kwangu."

Alipona, ila sauti haikurudi. Na hajapita mlangoni.

Jumamosi Spidi hakwenda uwanjani. Asubuhi ile mama yake aliingia bandani na nyundo na spana, akafungua nati, akanyanyua kichwa cha silinda. Alitaka kuivunjavunja, aanze na pistoni. Petroli ile ilipaswa kuitoboa.

Haikutoboka. Ilikuwa nzima, inang'aa. Lakini juu yake palikuwa na vinundu vya mviringo, vimepangana. Alivipapasa. Hapakubonyezwa kutoka juu. Kuna aliyesukuma kutoka chini, kwa ncha za vidole, kama mtu anayezuia mlango.

Nyundo ilikuwa bado mkononi. Aliishikilia mpaka bega likamuuma, akaiweka chini.

"Toka basi, mwanangu," alisema. "Nimeshajua. Toka ukapumzike, unachosha watu."

Akaegesha kichwa cha silinda mahali pake bila kukaza nati, ili pasiwe na kizuizi. Banda akalifunga kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye sidiria.

Jioni alikwenda kutazama. Nati zote zilikuwa zimekazwa. Alizilegeza kwa spana, akimgombeza kama mtoto aliyegoma kuamka. Kesho yake akazikuta zimekazwa. Spidi anasema mama aiuze ile pikipiki ipotelee mbali. Mshonaji hataki. Huzilegeza kila akitoka kufagia uani, na kila akirudi huzikuta zimekazwa tena, zaidi ya mkono wa mtu unavyoweza, na juu ya kila nati kuna oili ya kijani, mbichi.