Siku Vitwitwi Walipoondoka

Duka la fotokopi lililo karibu na posta ya Lamu lilifurika asubuhi ile. Wanafunzi walitaka fomu, wazee walitaka nakala za hati za viwanja, na kila mmoja alidai yeye ndiye aliyetangulia. Nyuma ya mashine alisimama Rumaisa binti Husseini, buibui lake lina ukingo wa zambarau na mtandio wa rangi ya bizari umefungwa kwa haraka. Alikuwa na mikono myepesi, na mdomo mwepesi zaidi.

"Nataka nakala ishirini za hii," ilisema sauti juu ya vichwa vya watu. "Uzitie plastiki, zisilowe."

Mwenye sauti alikuwa kijana mrefu aliyeunguzwa na jua, suruali ameikunja hadi chini ya magoti na matope yamemkaukia miguuni. Rumaisa aliichukua karatasi akaitazama.

"Umeniletea picha ya ndege mmoja mara ishirini."

"Ni ndege ishirini mbalimbali."

"Wote wadogo, wote wana miguu mirefu, wote wameinama. Utanitia wazimu, kaka."

Foleni ilicheka. Kijana naye alicheka. Aliitwa Harith, kwao Faza, na kazi yake ilikuwa kuwahesabu ndege wa pwani wanaokuja na baridi ya Ulaya na Urusi, kisha kurudi kwao Machi na Aprili, kule kunapoanza kuchangamka. Mashine ilipokuwa ikinguruma, Rumaisa aliitazama tena karatasi.

"Namba saba na namba kumi na mbili ni mmoja."

"Haiwezekani. Saba ni wa kijivu, kumi na mbili ana kifua chekundu."

"Nguo ndizo mbalimbali. Tazama mdomo unavyopinda nchani."

Harith aliinamia karatasi. Miaka sita alikuwa katika kazi ile, na fomu aliitengeneza mwenyewe usingizi ukiwa machoni. Akaona aibu, na juu ya ile aibu akaona furaha asiyoijua imetoka wapi.

"Ni mmoja kweli," alisema. "Ni chekeamwezi. Kijivu ni nguo ya hapa. Safari ikikaribia hubadili manyoya akawa mwekundu. Wewe umesomea wapi mambo haya?"

"Hapa hapa dukani. Kazi yangu ni kutazama kama nakala inafanana na asili yake. Anayefuata."

Kesho yake alirudi kutoa nakala ya kitambulisho. Kesho kutwa pia. Siku ya tatu Rumaisa alikiweka kile kitambulisho juu ya kaunta asikipeleke kwenye mashine.

"Hiki nimekitoa nakala sita wiki hii. Unaomba kazi ngapi?"

"Moja tu."

"Kazi gani?"

"Ya kuambiwa namba yako ya simu."

Nasreen, binamu yake aliyekuwa akisaidia kukata karatasi, aliuma mtandio wake asicheke. Namba ikatoka.

Jumamosi moja kabla ya Ramadhani wasichana hao wawili walipanda boti hadi Kipungani, na Harith akawaonyesha ndege wakati maji yakipwa. Aliisimamisha darubini kwenye miguu yake mitatu, akasogea mbali kwa adabu, Rumaisa akaweka jicho. Tope tupu lililokuwa mbele yake lilijaa viumbe. Vitwitwi walikimbia hatua tano, wakasimama, wakadona. Sululu mmoja alivuta mnyoo mrefu polepole, asiukate.

"Wanakula bila kupumzika," alisema Rumaisa.

"Wanajinenepesha. Kuna watakaoruka siku kadhaa bila kutua. Halafu alasiri moja wanapiga kelele, wanapanda angani, wanakwenda."

"Wanajuaje kuwa siku ndiyo hiyo?"

"Sijui," alisema Harith. "Ndiyo maana nakaa kuwatazama."

Rumaisa alikuwa amezoea wanaume wanaojua kila kitu. Huyu aliyesema hajui, tena bila kuona haya, alimwingia moyoni, na jioni ile alirudi mjini hana hamu ya chakula.

Ramadhani ilipofika nusu, simu ya Harith ililia baada ya futari.

"Harith, kuna watu wamekuja nyumbani."

"Watu gani?"

"Wa posa. Husni, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ni mtu mwema, hana kasoro hata moja, na hilo ndilo linaloniudhi."

Harith alikaa kitako. "Umesemaje?"

"Mimi sijaulizwa bado. Mama nimemwambia habari zako, naye amemwambia baba. Baba amesema atawasikiliza watu wako kwanza, wakija Idi Mosi. Wasipokuja atawapa jibu kina Husni."

"Ami yangu Shuaib atatoka Faza. Idi Mosi, baada ya alasiri, watakuwa sebuleni kwenu. Mimi nitakuwa nje."

"Wewe ukiona ndege unasahau hata jina lako."

"Idi Mosi sitatazama ndege, roho yangu. Ndege atakuwa mmoja tu."

"Na huyo ana miguu mirefu?"

"Hilo sijaruhusiwa kuliona."

Rumaisa alikata simu akicheka. Ahadi ilikuwa wazi kabisa, na mimi sioni mtu angeweza kuilaumu. Lakini lipo jambo ambalo msomaji afadhali alijue sasa, kwa kuwa wao hawakulifikiria. Kwao Rumaisa mwezi ukitangazwa umeandama popote ulimwenguni, wanafungua. Kwao Harith hawafungui mpaka uonekane huku kwetu, na usipoonekana wanatimiza thelathini. Mwaka ule pande zote mbili zilikuwa zimeanza kufunga siku ile ile, kwa hiyo kila mmoja alidhani watamaliza siku moja. Waliongea usiku mwingi, habari za majina ya watoto na rangi za mapazia, na hili hawakuligusa.

Mwisho wa mwezi maji huwa ya bamvua, na yakijaa sana ndege wote hukimbilia fungu moja la mchanga, wakahesabika. Ndiyo sababu siku ya ishirini na nane Harith alikwenda kupiga hema ufuoni, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Kipungani. Alikuwa na mwenzake wa kazi, Emily, msichana wa Nakuru asiye na maneno mengi. Mtandao ulipatikana juu ya kilima kimoja tu cha mchanga, tena kwa kubahatisha. Jioni ya ishirini na tisa Harith aliielekeza darubini magharibi, akaitafuta mbingu yote jua lilipozama. Hakuona mwezi. Akala daku alfajiri, akanuia.

Huko Lamu tangazo la mwezi lilikuwa limefika, na asubuhi ile ile Rumaisa aliamka kwa takbira. Alipakwa hina mpaka kwenye vifundo, akavaa gauni la kijani kibichi lenye nakshi za fedha kifuani, akafukizwa udi. Alingoja salamu za Idi za Harith, hazikufika. Biriani ilipakuliwa kwa ajili ya wageni wa Faza, mlango ukaachwa wazi. Alasiri ikaswaliwa, jua likaanza kushuka. Hakuna aliyebisha hodi.

Akapiga simu. Mara ya tano ikaita.

"Hello?" ilisema sauti ya mwanamke. "Harith amelala, pole. Nimwamshe?"

Rumaisa aliitazama namba, akairudisha simu sikioni. "Wewe ni nani?"

"Mimi Emily. Tuko naye huku tangu juzi. Amechoka sana, na leo ndiyo siku kubwa ya ndege, nafikiri wanaondoka. Hata—"

Mtandao ukakatika. Alichotaka kusema Emily ni kwamba hata maji hajanywa tangu alfajiri. Rumaisa alibaki ameishika simu kwa mikono yake yenye hina. Amelala, siku ya Idi, na Emily. Yaliyokuwa yakiingia akilini hayakupangika. Mtu aliyempigia jana asubuhi akimwita roho yangu angewezaje? Na kama hakuweza, mbona wazee wake hawakuja? Aliizima simu, akaitia chini ya mto, kisha akaukalia mto wenyewe.

Emily alimwamsha Harith, aliyejilaza juu ya kile kilima chenye mtandao, kwa kumtikisa bega. "Kuna msichana alipiga, simu ikakata. Amka, wanaondoka."

Kweli walikuwa wanaondoka. Vitwitwi mia kadhaa walikuwa wametulia kwenye fungu tangu adhuhuri, na sasa walikimbia huku na huku wakiitana. Kundi moja lilipaa, likazunguka, likajipanga mstari na kushika kaskazini. La pili likalifuata. Harith alihesabu kwa jicho moja, mkono mmoja ukipiga simu. Namba haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Mimi nimepata mia nne na kumi," alisema Emily. "Wewe?"

"Mia mbili na arobaini."

"Harith, hilo ni kundi moja tu. Una nini leo?"

Hakujua ana nini. Rumaisa hakuwahi kuizima simu. Labda funga imemchosha, alijiambia. Au ameghairi, amemtaka Husni, na haya imemzuia kusema. Ndege aliowangoja mwaka mzima walimpita juu ya kichwa, na yeye alikuwa akikitazama kioo cha simu. Alituma ujumbe: "Kesho wazee wanakuja inshallah, usiwe na wasiwasi." Ukakaa na alama moja, haukufika.

Baada ya magharibi Bwana Husseini aliingia chumbani kwa binti yake, mkewe Bi Hindu akiwa nyuma yake. Watu wa Husni walikuwa wamekaa sebuleni.

"Wale wa Faza hawakuya," alisema baba kwa upole, kwa Kiamu chake. "Labda ni kheri. Hawa wamengoja kwa adabu. Niwajibu, mwanangu?"

Kwa watu wa nyumba ile, msichana akiulizwa habari ya mume akanyamaza, huhesabiwa ameridhia. Ni haya inayomfunga mdomo. Rumaisa alilijua hilo tangu utotoni. Alifungua kinywa, akamwona Harith amelala kivulini na Emily yuko kando yake, na maneno yakagoma. Alikuwa amechanganyikiwa hata asijue anamchukia nani. Baba alingoja kidogo, akamgusa kichwa, akatoka. Punde ikasikika Fatiha ya kufunga posa inasomwa sebuleni. Rumaisa alilia mpaka wanja ukamchuruzika, na Nasreen, aliyelala naye usiku ule, alimpangusa kwa mtandio wake.

Siku ya pili, baada ya alasiri, mlango ulibishwa hodi. Walikuwa Ami Shuaib na wanaume wawili, wote kanzu nyeupe zimepigwa pasi zikasimama, na mkewe Bi Kulthum kashika sinia la halua na udi lililofunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Wanawake wakapita ndani, nyuma ya pazia. Harith, kofia mpya ikimbana, alibaki nje kwenye kibaraza cha jirani, maana mchumba hakai kwenye posa yake.

"Karibuni," alisema Bwana Husseini. Hakutabasamu. "Mumekuya yeo?"

"Tumekuya kama tulivyoagana, Bwana Husseini. Yeo ni Idi Mosi."

"Yeo ni Idi Pili. Mosi ilikuwa yana. Chakula kilipoa, mlango uko wazi hata magharibi."

"Yana sisi tulikuwa tumefunga."

Ami Shuaib akakuna ndevu. "Nilisikia kuna walioswali yana. Sikujua ni nyinyi."

"Mwezi ulionekana."

"Wapi?"

"Ulimwenguni."

"Mimi siishi ulimwenguni, bwana, naishi Faza. Na huyu kijana wetu aliutafuta kwa darubini inayoona kucha za ndege ng'ambo ya maji, asiuone. Akashinda na njaa yake kwenye mchanga."

Nyuma ya pazia, Rumaisa alisogea kusikiliza. Alikuwa amefunga. Mtu aliyefunga siku thelathini, akahesabu ndege juani tangu asubuhi, alasiri hulala. Kila neno la Emily lilirudi likakaa mahali pake, na furaha iliyompanda ikakutana njiani na ile Fatiha ya jana.

"Mnisamehe," alikuwa akisema baba sebuleni, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Neno nimeshalitoa. Nilimuuliza binti yangu yana, akaridhia."

"Sikuridhia, baba. Nilinyamaza."

Bi Hindu alimshika mkono wa gauni. Bi Kulthum aliliweka sinia chini. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kusikia msichana akijibu kutoka nyuma ya pazia.

"Kunyamaza ndiko kuridhia, mwanangu," alisema Bwana Husseini taratibu. "Ndivyo tulivyofundishwa."

"Najua. Lakini jana si haya iliyonifunga mdomo. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa sielewi kitu. Kosa ni langu, si lako wala si la Husni. Ukiniuliza leo sitanyamaza."

Baba yake aliutazama mlango wa nje. Wote waliokuwa pale walijua anachopima. Kwenda kwa mtu mwema, Idi Pili, mtaa mzima ukipita na sahani za vyakula, umwambie nakunyang'anya nilichokupa, ni aibu itakayotajwa miaka.

"Nakuuliza, basi," alisema mwishowe. "Mbele ya watu hawa."

"Namtaka Harith."

Bwana Husseini aliinuka, akavaa viatu vyake, akatoka.

Harith alimwona akipita na uso umemshuka, macho chini, asimtazame wala asimwitikie salamu. Akajua yamekwisha. Alikuwa bado hajui yameanza lini wala amekosa nini, na alisimama, akakaa, akasimama tena. Ndipo simu ikaita. Ilikuwa namba aliyoipiga mara thelathini tangu jana.

"Babako amepita hapa," alisema kwa haraka. "Amekasirika. Amekataa, siyo?"

"Amekwenda kwa kina Husni kulirudisha neno alilowapa jana."

"Neno gani? Jana kulikuwa na nini?"

"Jana kwetu ilikuwa Idi, Harith. Walikuja, nikaulizwa, nikanyamaza. Nilidhani umenitupa."

Harith alifungua kinywa. Kwanza aliielewa simu iliyozimwa, kisha akaelewa jinsi alivyokuwa karibu kumpoteza. Hakuweza kutoa sauti.

"Harith?" aliita Rumaisa. "Usininyamazie. Baba yangu yuko njiani anakwenda kufedheheka kwa ajili yetu. Sema kitu."

"Nakutaka," alisema Harith, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na wanawake wawili waliokuwa wakipita na sahani zao wakageuka kumtazama. "Nakutaka, Rumaisa."

"Sema tena," alisema Rumaisa. "Mama anasikiliza."