Uledi Alipovaa Kitenge

Zipora alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza. Kila asubuhi alichota maji bombani, akafagia, akapika. Kisha alimfuata mumewe Fabiano kwenye kinu cha mawese, akachambua chikichi mpaka jioni.

Fabiano hakuwa mtu mbaya. Hakunywa pombe, wala hakuwahi kumpiga mkewe. Ila akifika nyumbani alikaa kitini na kuita, "Zipora, maji ya kuoga!" Baba yake aliita hivyo hivyo kule Tanzania, katika kambi ya wakimbizi alikokulia. Hakuona kosa.

"Fabiano, kichwa kinaniuma tangu jana," Zipora alimwambia siku moja.

"Ni jua hili. Kunywa maji, kitaacha."

Kesho yake kikundi cha michezo ya kuigiza kilitoka Rumonge mjini kikaja kijijini kwao, kando ya ziwa. Watu walijaa uwanja wa mpira. Wanaume walikaa mbele. Wanawake walisimama nyuma, watoto migongoni.

Kwanza aliingia mwigizaji mmoja aitwaye Uledi, mwanaume mrefu mwenye ndevu. Alikuwa amevaa kitenge, amefunga mto tumboni, na ndoo ya maji kichwani. Uwanja mzima ulicheka. Akafuata mwenzake, mwanamke aitwaye Eliana, amevaa suruali na kofia. Alikaa kitini, akanyoosha miguu.

"Mke wangu! Maji ya kuoga iko wapi?"

"Yanakuja, bwana," Uledi alijibu kwa sauti nyembamba.

"Na chakula?"

"Kiko jikoni, bwana."

"Na viatu vyangu, mbona vina vumbi?"

Fabiano alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alimpiga jirani yake begani. "Tazama ndevu za mama huyu!"

Mara Uledi akayumba. Ndoo ilianguka, maji yakamwagika. Alikaa chini, akashika kichwa. Ile sauti nyembamba iliisha.

"Bwana, kichwa kinapasuka. Naona giza."

"Ni jua tu," Eliana alisema bila kumtazama. "Simama, nina njaa."

Wanaume walicheka tena. Fabiano naye alifungua mdomo, lakini kicheko hakikutoka. Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Ndipo akasikia ukimya nyuma yake. Aligeuka. Wanawake wote walikuwa wamesimama kimya, hata mmoja hakucheka. Ukimya ule ulisogea mbele kidogo kidogo, ukawafikia wanaume, mpaka uwanja mzima ukatulia. Zilisikika sauti za mawimbi ziwani.

Revokatus, fundi wa baiskeli, alisimama kwa hasira.

"Mnatuaibisha! Mwanaume gani anavaa kitenge? Mnataka wanawake watutawale?"

Silvano, mhamasishaji wa afya aliyekuja na kikundi, hakukasirika. "Murakoze, asante mzee, kwa kusema wazi. Uledi akibeba mzigo ule, unaona aibu. Mkeo akiubeba, unaona nini?"

"Mke wangu amezoea."

"Hatujazoea," sauti ilitoka nyuma. "Tunanyamaza tu."

Fabiano aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya Zipora. Hakuwahi kumsikia mkewe akisema mbele za watu.

"Mimi pia naona giza," Zipora aliendelea. "Tangu asubuhi."

Silvano alimwendea haraka. Uso wa Zipora ulikuwa umevimba. "Pete hii inatoka kidoleni, dada?"

"Nimejaribu, imekataa."

Silvano aliwageukia watu. "Sikilizeni wote. Mwenye mimba akiumwa kichwa kisichoacha, akiona giza, akavimba uso na mikono, msiseme ni jua. Msiseme ni uvivu. Presha ya damu yake inaweza kuwa imepanda. Ugonjwa huu unaua mama na mutoto. Asingoje kesho. Aende kituo cha afya sasa hivi, na asiende peke yake."

Fabiano alipita katikati ya watu wote, akamshika mkewe mkono. "Twende." Uledi alikuwa ameshatangulia barabarani. Akiwa bado na kitenge chake na mto wake tumboni, alisimama katikati ya njia akasimamisha gari.

Kituoni, muuguzi aitwaye Beatrisi alimpima Zipora presha ya damu na mkojo. "Damu iko juu sana," alisema. "Vizuri mmekuja. Angeweza kuanguka kifafa cha mimba." Wakapelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa.

Zipora alilazwa, na Fabiano akabaki kumuuguza. Alipika uji. Alichota maji. Alifua nguo bombani pamoja na wanawake. Mikono ilimchubuka na mgongo ukamuuma. Alimtazama mkewe akiwa amelala. "Huyu alifanya haya yote," aliwaza, "na mtu mwingine ndani yake." Alishindwa kuelewa nguvu hizo zilitoka wapi.

Dawa zilisaidia, lakini madaktari waliona hatari bado ipo. Ikabidi mtoto azaliwe kabla ya wakati. Alikuwa msichana, mdogo sana. Zipora alikuwa dhaifu, hawezi kukaa.

"Vua shati, baba," muuguzi wa hospitali alisema.

"Mimi?"

"Mtoto huyu anataka joto la ngozi. Kifua cha baba kinalo, sawa na cha mama."

Walimlaza mtoto kifuani kwake, wakamfunga kwa nguo. Fabiano alisikia moyo mdogo ukipiga mbio juu ya moyo wake. Hakuthubutu kusogea. "Zipora," alinong'ona, "anapumua."

"Najua," Zipora alisema, akatabasamu. "Shika kichwa chake vizuri."

Mtoto alipoongezeka uzito, waliruhusiwa kwenda nyumbani. Walishuka garini, wakatembea kijijini polepole. Zipora alitembea mikono mitupu. Fabiano alikuwa amemfunga mtoto kifuani. Watu walitoka milangoni kutazama. Wengine walianza kucheka.

Fabiano alisimama. Alifunua nguo kidogo, uso wa mtoto ukaonekana.

"Amahoro," aliwasalimu, akiwatakia amani. "Karibuni mumwone."

Wakasogea, mmoja mmoja.