Mwenye Mimba Hakimbizwi

Tangu mkewe afariki, mgane alifagia zizi peke yake. Asubuhi hiyo alimkuta mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya wakati. Mbavu zake zilipanda na kushuka kama mvukuto. Chai haijachemka, akafa. Alikuwa wa tatu.

"Usimguse kwa mikono mitupu, shemeji!" alisema mdogo wa marehemu mkewe. Alikuwa daktari wa mifugo, na watu walimwita Mama Sindano. "Vaa glavu. Ugonjwa huu unaweza kukupata na wewe. Wamekufa watatu, kulikoni?"

"Muulize bwana ofisa wa mifugo! Kondoo wote joshoni siku moja, wakaogeshwe dawa ya kupe, akaamuru. Tukawaswaga kwa mbwa. Tukawabana na kondoo wa watu, wengine wanaugua. Yeye kakaa kivulini."

"Basi umejijibu. Mapafu ya mtoto hukomaa mwishoni mwa mimba. Mama akiambukizwa, ugonjwa unaweza kumfikia mtoto tumboni, akatoka mapema. Hofu na uchovu wa mama navyo huweza kuvuruga mapafu hayo. Mtoto anazaliwa, pumzi haimtoshi."

"Kama mkate uliotolewa mapema."

"Ee. Nje mkate, ndani unga."

Mgane alimtazama kondoo mweusi. Ndiye pekee aliyebaki na mimba.

"Na huyu?"

"Mtenge na wagonjwa. Alalie majani makavu. Mbwa wasimsogelee. Akikataa kula, niite siku hiyohiyo. Dawa ya kupe nitamnyunyizia hapahapa, taratibu."

Baada ya wiki mbili, ofisa alisimama langoni.

"Mzee, josho leo. Kondoo wote."

"Wote, ila mwenye mimba. Huyo kanyunyiziwa na daktari."

"Unapinga amri?"

"Amri yako imeniulia watatu. Huyu hatoki!"

"Nitakuandika jina."

"Andika! Tena kwa herufi kubwa, mimi kusoma kwangu ni kwa kudokoa."

Jirani mshona viatu, aliyekuwa akiwatoa kondoo wake, alicheka. Kisha akawarudisha zizini kondoo wake wawili wenye mimba. "Na mimi niandike," alisema. Fundi bomba wa nyumba ya pili naye akafunga lango lake.

Ofisa alitazama malango yale, akafunga daftari. "Haya. Wenye mimba wabaki, daktari awafuate."

"Ungesema hivyo mwezi uliopita," mgane alimjibu, wala hakumshukuru.

Siku zilipotimia, kondoo mweusi alizaa. Mtoto alipiga chafya, akavuta pumzi, akasimama kwa miguu yake minne. Kisha akalia kwa nguvu.

"Lia, mwanangu," alisema mgane. "Lia wakusikie mpaka ofisini!"