Randa ya Marehemu Gaudiosus

Wengi wanaoisimulia habari hii pale Nkwenda wameisikia kwa watu. Mimi niliiona. Nilikuwepo tangu mashine ilipoungua hadi kitanda kilipopakiwa garini, na akitokea mtu wa kukwambia kwamba siku zile nilikuwa kilabuni, mwulize yeye alinionaje huko kama naye hakuwepo. Nisikilize mimi.

Novath, fundi seremala, alikuwa na kitanda kimoja tu kichwani mwake mwezi ule. Binti yake, Umutesi, alikuwa anahingirwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, yaani anaagwa kwao na vyombo vyake, aende kwa wakwe Kituntu. Binti wa seremala kuondoka na kitanda cha dukani! Wangemcheka hata watoto wa shule. Mbao za msambya zilikuwa zimeshakauka. Kilichobaki ni kuziranda, na hapo ndipo randa yake ya umeme ilipotoa moshi, ikanuka, ikafa. Fundi wa Kayanga akasema kifaa chake lazima kiagizwe Mwanza. Wiki ikapita. Ya pili ikaanza.

Wiki hiyo ya pili akafariki Gaudiosus, seremala mzee, yule yule aliyemfundisha Novath kushika msumeno. Sasa kwetu mtu akifa, vyombo vyake vya kazi havishikwi. Vinakaa vilivyo mpaka siku ya kumaliza matanga, mrithi akalishwe kwenye kigoda, ukoo umkabidhi mkononi. Novath alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Lakini alijua pia kwamba mrithi aliyetajwa ni Avelina, binti pekee wa marehemu, na moyoni akajiambia mtoto wa kike randa ya nini. Watu walipokuwa kaburini wanatupia udongo, yeye akaingia stoo, akaichukua randa ya mkono ya marehemu, akaifunika kwa koti, akaenda zake. Siku ya tatu mjane alipomwuliza, aliapa kwamba hajaiona.

Alipoisukuma mara ya kwanza, maranda yalitoka ya moto.

Aliyaokota, akayaachia. Akajiambia ni jua tu, bati linachoma. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

Jumatatu alimaliza tendegu la kwanza, nene, zuri, akafunga karakana kwa kufuli akaenda kula. Aliporudi lilikuwa jembamba kama mpini wa jembe. Jumanne akachonga jingine, akalikuta limekuwa kama fimbo ya kuchungia ng'ombe. Jumatano akachonga la tatu, akafunga kufuli, ila badala ya kwenda kula akaegemea ukuta wa mbao kwa nyuma, saa saba mchana, watu wakipita barabarani na baiskeli za ndizi, na humo ndani akasikia randa ikisukumwa, shwaa, shwaa, shwaa, kisha kimya kama cha mtu anayepumua, kisha tena shwaa, shwaa, shwaa, na harufu ya tumbaku ya kiko, ambayo pale mtaani aliivuta mtu mmoja tu na huyo alikuwa ameshazikwa, ikapenya kwenye nyufa za ubao ikamjia usoni polepole kama mtu anayemsogelea ili amtazame vizuri, na alipotaka kukimbia akahisi kiganja chake, kile alichokiegemeza ukutani, kinawasha kwa ndani, kikipoa sauti iliponyamaza na kuwaka iliporudi.

Tangu hapo vitu vikaanza kumponyoka. Kikombe. Nyundo. Simu ilimteleza ikatumbukia chooni, na Alhamisi akaenda kwa wakala kusajili laini upya. Yule dada akakiweka kidole chake kwenye mashine mara nne, akakifuta, akakirudisha.

"Mzee, hapa hakuna kidole," akasema akicheka.

Kisha akakigeuza kiganja chake kwenye mwanga, akaacha kucheka. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Kilikuwa laini kama yai lililomenywa.

Nyumbani alimkuta mkewe, Agnetha, anaanika matandiko. Mama huyo alikuwa ameshika kitu kati ya vidole viwili. Alikuwa amekung'uta shuka yakaanguka maranda, membamba, meupe, yenye kujikunja.

"Baba Umutesi," akasema kwa sauti ya chini, "hii si mbao. Ina vinyweleo."

Ndipo Novath akamweleza yote. Agnetha akamwambia airudishe leo leo. Novath akasema ni heri afe kuliko kusimama mbele ya ukoo ule na kuitwa mwizi wa marehemu.

"Hiyo heri unayo," mkewe akamjibu. "Si ameshaanza kukuchonga?"

Ijumaa mchana Avelina mwenyewe akafika karakana. Alimkuta Novath amekaa nje juu ya gogo, mikono kwapani, na ndani sauti inakwenda.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nina... nina fundi humo ndani."

"Namsikia." Avelina akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza wimbo wa kwao. "Anasukuma mara tatu, anapumzika. Mimi nilifundishwa kusukuma hivyo hivyo. Jumatano tunamaliza matanga. Uilete kwa mkono wako, useme ulichofanya. Baada ya hapo kitanda cha Umutesi nitakimaliza mimi."

"Na nisipokuja?"

"Baba haachi kazi katikati. Hilo unalijua, alikufundisha wewe kabla yangu."

Jumatano Novath akaenda. Mbele ya ukoo wote akapiga magoti, randa amelazimika kuibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga isimteleze, akasema, nimeiba, na nikaapa uongo kwa mjane, nisamehe mwanangu. Avelina, amekaa kwenye kigoda, akaipokea. Usiku na mchana wa Alhamisi na Ijumaa alikuwa karakana, na maranda yakatoka ya baridi, yananukia msambya. Jumamosi kitanda kikapanda gari kwenda Kituntu, matendegu manne manene, na wakwe wakakipigia vigelegele kabla hata ya kumwona bibi harusi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, nilishuhudia kwa macho haya. Isipokuwa kitu kimoja nimekitia mimi mwenyewe, na kwa kuwa nilianza kwa kujisifia ukweli, bora nikitoe. Yale magoti. Novath hakupiga magoti, hakusema neno, hata matangani hakufika. Agnetha ndiye aliyeibeba randa akaiweka mbele ya Avelina, akarudi analia, na Avelina akakimaliza kitanda kwa sababu Umutesi hakuwa na kosa. Yale maneno nilimtungia mimi. Ni rafiki yangu, nilitaka yamwishie vizuri.

Randa sasa imo sandukuni kwa Avelina, imefungiwa, kimya kabisa. Lakini Jumapili, watu wakitoka kanisani, nilipishana na mtu amejitanda shuka mpaka kichwani akaniita kwa jina. Nilimtambua Novath kwa sauti tu. Nyusi zilikuwa zimekwisha, na pua ilikuwa imeanza.