Simu Katika Mkono wa Kulia

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kando ya barabara ya Kapalata, kofia ngumu bado imefungwa kidevuni, na simu mkononi. Mkono wa kulia. Inspekta Delphine aliutazama mkono ule, kisha akaitazama pikipiki iliyoanguka mtaroni, na akautambua uongo uliokuwa pale kabla hajajua ni wa nani.

Yeye mwenyewe alikuwa amefika kwa pikipiki ya kukodi, maana jeep ya komisaria, kituo chake cha polisi, haikuwa na mafuta, kama kawaida yake. Kila siku alipanda pikipiki za Kisangani, na kila siku aliona jambo lilelile. Dereva akipigiwa simu, huichomeka ndani ya kofia, kati ya sikio na shavu, akapiga domo huku mikono yote miwili iko kwenye usukani. Mkono wa kulia ndio wa mafuta. Ukiuondoa, pikipiki inapoteza mwendo na abiria anaanza kukutukana. Aliyeipanga simu ile alikuwa mtu wa gari, mtu wa kiti laini, ambaye hajawahi kujisumbua kutazama jinsi wenzake wanavyotafuta riziki.

Marehemu aliitwa Sadrack, mkazi wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Mkewe, Chance, alikuwa ameshavuka mto na kukaa kwenye benchi la komisaria, kitenge kimefunika uso.

Ndani ya mahabusu alikuwemo Amuri, dereva wa lori la makaa, mtu mzima kutoka Maniema. Wema ndio uliomponza. Alisimamisha lori ili amfunike Sadrack kwa turubai, na madereva wa pikipiki wakamkuta amepiga magoti pale pale. Hawakuuliza swali. Polisi walipomtoa mikononi mwao, mdomo wake ulikuwa umepasuka. Sasa walikuwa wameizingira komisaria na galoni la petroli, wakiapa kwamba jua likizama kabla hawajakabidhiwa mtu wao, wataingia kumchukua wenyewe. Kamanda, ambaye ushujaa wake uliishia kwenye vyeo vya mabegani, alitaka Amuri afunguliwe mashtaka haraka na kupelekwa gereza kuu. Njia ya kwenda huko ilipita katikati ya umati uleule.

Delphine alimhoji mzee kupitia nondo.

"Ulimugonga, papa?"

"Hapana, mama. Nilimukuta chini."

"Uliona nani mbele yako?"

"Jeep moja nyeupe, ya bei. Ilikuwa inarudia mu mji mbio. Taa yake moja ilikuwa imevunjika."

Lori lilikuwa chafu, lakini taa zake zilikuwa nzima, na bampa halikuwa na mkwaruzo mpya wala alama ya rangi. Sajini Léon, msaidizi wa Delphine, alikuwa ameokota vipande vya kioo cha taa majanini. Kilichobaki ni kuitafuta jeep, na jeep yenyewe ilikuwa ikijitangaza kwa kipaza sauti.

Tangu jiji litangaze kwamba dereva atakayeshika simu atatozwa faini, kampuni ya simu ya Boyokani ilikuwa imepiga hema karibu na soko kuu, ikigawa vipokea sauti vya masikioni. Bure, walisema, mradi ununue laini yao mpya. Jérémie, mkuu wa mauzo, alikuwa juu ya jukwaa, suti imemkaa, jasho limemtoka, akiwaambia madereva wamtazame Sadrack, kijana aliyekufa kwa kushika simu. Jina la marehemu lilikuwa limeandikwa kwenye kitambaa kirefu kwa rangi ambayo haijakauka: ANGEVAA, ANGEKUWA HAI. Hata maiti haijaoshwa, na tayari imeajiriwa.

Kitambaa hicho kilikuwa kimetandazwa juu ya pua ya jeep nyeupe. Delphine alikiinua kwa vidole viwili, kama mtu anayeinua nguo chafu. Chini yake, mahali pa taa ya kulia palikuwa shimo tupu. Kipande kimoja alichokuja nacho Léon kilikaa sawasawa na kioo kilichobaki ukingoni.

Katika chumba cha mahojiano Jérémie alikunja nne, akamwekea inspekta mezani vipokea sauti viwili, zawadi ya kampuni. Taa, alieleza, aliivunja kwenye mti, nyumbani kwake. Njia ya Kapalata hakuipita. Delphine alivisukumia pembeni vile vitu na kuuliza asubuhi alikuwa wapi. Nyumbani, alijibu, akinywa chai.

Hapo Delphine aliwasha rekodi aliyoipata katika kituo cha redio, baada ya Léon kukumbuka kuisikia sauti ile hewani asubuhi. Kipindi cha asubuhi kilikuwa na mgeni kwa njia ya simu, na mgeni alikuwa Jérémie, akizungumzia usalama barabarani. Nyuma ya sauti yake injini ilinguruma wazi.

"Chauffeur mwenye akili anaweka mikono yote mbili ku volant," ilisema ile sauti nyororo. "Maisha iko moja tu, donc..."

Ukafuata mshindo, chuma kikakwaruza lami, kisha kimya. Mtangazaji akawaomba wasikilizaji radhi kwa mtandao mbovu.

Jérémie aliushusha mguu.

"Ulikuwa umevaa écouteur?" Delphine aliuliza.

"Mwanzo, ndiyo."

"Na kisha?"

"Journaliste alisema hanisikie bien. Micro ya écouteur haina nguvu. Nikaitosha mu masikio, nikakamata simu mu mukono."

"Écouteur gani hiyo?"

"Ile tunagawa."

Mengine yalimtoka yenyewe. Watu wangejua, kampeni ingekufa na kazi yake ingekwenda nayo. Barabara ilikuwa tupu. Akaitoa simu ya Sadrack mfukoni, akamwekea mkononi, akarudi mjini kumfanyia tangazo.

Delphine alimtuma Léon akaicheze rekodi ile mlangoni, kwa kipaza sauti. Kelele za nje zilififia, galoni likatoweka, na Amuri akatoka kwa mlango wa mbele. Mashujaa waliompasua mdomo asubuhi walikuwa wa kwanza kumpa mkono. Mzee aliwapita bila kuwatazama, akaenda kulitafuta turubai lake.

Jambo moja tu lilikuwa bado linamkera inspekta.

"Maiti haikamate kitu," alimwambia Jérémie aliporudi chumba cha mahojiano. "Vidole vilifunga simu namna gani?"

Jérémie alijibu akiangalia sakafu.

"Hakukuwa amekufa, mama inspecteur. Alifungua macho. Nilimuwekea simu, akaikamata na nguvu yote."

"Sababu ya nini?"

"Alizania namupatia simu apigie muke wake. Alisema merci."

Delphine alisimama, maana angekaa angemtemea mate usoni. Akatoka kwenda ukumbini, akaketi kwenye benchi karibu na Chance, na kumweleza kila kitu isipokuwa neno lile la mwisho, la shukrani.