Nyumba Iliyotulia

Pale Tandika, siku linapofunguliwa robota la mitumba, hakuna anayemwomba mwenzake radhi. Rukaiya aliivuta blauzi ya manjano kutoka kwenye rundo, kumbe mkono mmoja wa blauzi umeshikwa na kijana mrefu, jinzi yake imepigwa pasi hadi mstari umesimama.

"Sista, hii namchukulia mchumba wangu."

"Yuko wapi huyo mchumba?"

"Ndiyo kwanza namwona."

Rukaiya akacheka, akanunuliwa blauzi. Jumatatu alianza kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee wasio na ndugu, njia ya Mbagala. Aliyempokea alikuwa yuleyule kijana, Sadallah, naye muuguzi. Basi mambo yakaiva.

Mapenzi yao yalikuwa ya mchana. Wazee wakishakula, nyumba yote kimya, wao upenuni wakinong'onezana. Siku za mapumziko Sadallah alimpigia simu dukani kwa jirani.

"Laazizi, bila wewe mie sili."

"Muongo wee. Sauti yenyewe ya mtu aliyeshiba."

Miongoni mwa wazee alikuwamo Mzee Mwinshehe, kuli wa zamani wa bandarini, mtani asiyechoka. Kila asubuhi alimwambia Rukaiya kwamba kijana yule hamfai, amsubiri yeye apone magoti. Mchana mmoja Rukaiya alipita kitandani kwake.

"Shikamoo, babu."

Kimya. Udenda ulimtiririka, macho nusu wazi. Rukaiya akadhani kiharusi, akamkimbilia Sadallah.

"Haumwi," Sadallah alisema. "Nimempa vidonge vya usingizi. Wote nawapa baada ya chakula."

"Daktari kaagiza?"

"Daktari anakuja lini hapa? Tuko wawili, Rukaiya, wazee wamejaa. Na sie tungekaa pamoja saa ngapi?"

Rukaiya aligeuka kuwatazama wazee waliolala. Alijichukia. Raha yake yote ya upenuni ilitokana na vidonge vilivyotiwa vinywani mwa wazee.

"Naenda kumwambia daktari."

"Utaniharibia kazi, mpenzi."

"Najua."

Alikwenda huku analia. Vidonge vikasitishwa, Sadallah akahamishwa. Mzee Mwinshehe alirudiwa na sauti, ila kwa kulala kila mchana miguu ilikuwa imekwisha, hakusimama tena. Simu ya dukani ilipolia, Rukaiya hakwenda.

Mvua za masika zilipoanza, Sadallah alikuja pale upenuni, shati limelowa, amekonda.

"Nilikosa. Nimeacha kabisa. Nataka kuleta posa kwenu, Rukaiya. Nilikupendea utulivu wako."

"Nami nakupenda, sikufichi. Usiku silali." Akamtazama usoni. "Lakini nijibu. Siku nikizeeka, nikawa napayuka usiku kucha, nakuita jina la marehemu kaka yangu, utanifanyaje?"

Ndani, Mzee Mwinshehe alikuwa akiita maji, akiita tena, kwa sauti ya kukera. Sadallah akageuza uso kuelekea dirishani, akakunja ndita, kidogo tu.

Rukaiya aliiona ndita ile.

"Nenda, Sadallah," alisema, akaingia kumpelekea mzee maji.